Mtu wa Kofia Nyekundu na Mzinga wa Kina Mulinge

Mpendwa mshauri Mama Tima, naomba msaada kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Matinyani, na muhula huu tulipewa sanduku la matofali ya plastiki ya kuchezea, basi nikawafundisha watoto kusimulia hadithi kwa kujenga, kila mmoja vibao vitatu, mwanzo, katikati na mwisho, mada ni viumbe wanaotuzunguka, na sheria ni moja tu, aliyejenga hasemi, wanaotazama ndio wanaosoma. Wengine wakajenga mbuzi na kinyonga, lakini Wayua akajenga nyuki, kwanza mzinga wenye matofali mawili ya bluu yaliyopishana, juu ya mti, kisha mtu wa kofia nyekundu yenye unyoya mweupe akipanda na moshi, mwisho mtu yuyo huyo mezani na mtungi wa asali.

Sasa Mama Tima, huku kwetu kila ukoo huchonga alama yake kwenye mizinga, na alama hiyo ya kupishana ni ya kina Mulinge, jirani yetu ambaye asali yake ilitoweka yote hivi majuzi, kijiji kizima tukasema ni nyegere, na kofia nyekundu yenye unyoya huku ni moja tu, ya Mzee Nzomo, babu yake Wayua, shemasi wetu na mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ndiye mgeni wa heshima Ijumaa wazazi wakija kusoma hadithi, na ndiye mwenye kauli juu ya mkataba wangu. Nikamuuliza mtoto huyu ni nani, akaniambia, “Mwalimu, si wewe ulisema mwenye amejenga asiongee?”

Nikaogopa. Watoto walipoenda kunywa uji nikambandua yule mtu nikamtia mkobani mwangu, mahali pake nikaweka nyegere, tofali jeupe juu ya jeusi, nikajiona mjanja, kumbe asubuhi Wayua ameongeza kibao cha nne, mwanamke wa sketi ya kijani anamficha mtu wa kofia ndani ya mkoba. Sketi yangu ni ya kijani. Tangu hapo mtoto hanisalimii, na inaniuma. Je, nibomoe vyote niseme vimeanguka, au niache nipoteze kazi?
Mwalimu Muthoki

Mwalimu Muthoki, pole, ingawa nimecheka mpaka chai ikaniponyoka. Umemfundisha mtoto kusema kwa matofali, amesema, sasa unamziba mdomo. Na nyegere alikukosea nini, mnyama wa watu, hata umwongezee kesi? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kibao cha nne.

Kubomoa sahau. Ukibomoa, Wayua atajenga tena, na sijui safari hiyo atakuvika nini.

Kesho mtoe mtu wa kofia kwenye mkoba wako, mpe Wayua mkononi, umwombe radhi mbele ya wenzake. Kibao cha nne ni chake. Akikiacha, kivumilie, mwaitu, mama yangu.

Alhamisi mwite Mzee Nzomo peke yake, watoto wakiwa wameshaenda nyumbani. Usimshtaki. Wewe hukuwa juu ya ule mti, wala mimi, na huenda Mulinge mwenyewe ndiye aliyemtuma. Mweleze sheria ya darasa, mpe kiti, nyamaza, asome kwa sauti yake. Kama ni msafi atakwambia. Kama si msafi, yeye anajua kuliko wewe uzito wa kugusa mzinga wenye alama ya ukoo mwingine, na njia ya kwa Mulinge anaijua pia, aende na mtungi na maneno mazuri. Akirudisha, Wayua ataona, na mwisho mpya wa hadithi ataujenga mwenyewe. Ila mwambie mzee wazi kwamba mtoto asiguswe.

Kazi anaweza kukunyima, sikudanganyi. Lakini kazi utatafuta nyingine. Mtoto aliyeacha kukuamini utampata wapi?

Ijumaa hadithi isimame jinsi Wayua alivyoijenga. Na Mzee Nzomo akitokea langoni kichwa wazi, jua lote hilo la Matinyani likimwakia, mkaribishe kwa heshima, Mwalimu, na ole wako ucheke.