Filme Tulizomaliza Wenyewe

Yaya Lofemba, kaka yangu,

Nimekwisha kusali alasiri, cherehani nimeifunika kitambaa, na kabla mtu hajaingia kunisumbua na suruali yake, acha nikuambie: una mtoto wa kike. Ulikuwa unasema tumbo lile ni la mwanamume. Bon, ulikosea, ndugu yangu, na ungemwona ungefurahi kwamba ulikosea. Anaitwa Klemansi. Akicheka anarudisha kichwa nyuma kama wewe, mpaka mtu anaogopa shingo itavunjika.

Aliteremka kwenye mashua ya Basoko mwezi uliopita, akaulizauliza mtaa mzima wa Kabondo: "Fundi Radjabu iko wapi, ule alilala chumba moja na papa yangu?" Nilipomwona mlangoni sikuuliza ni wa nani. Nikasema Bismillahi, nikamvutia kiti. Hajanywa hata maji, akaniita kama baba mdogo wake: "Tonton, nimekuja kuchukua papa."

Unaelewa? Hakuna aliyemwambia. Siku ile ya risasi mama yake alikimbilia msituni na tumbo lake, akatokea Isangi, kisha Basoko kwa wajomba. Mimi nilituma habari ya kifo chako kwa wachuuzi wa mtoni, tena na tena, lakini wakati ule wa uasi habari ilikuwa inapita vinywa vingi, na kule ilikofika ilifika imegeuka: Lofemba ameonekana upande wa Sudani, Lofemba iko muzima, atarudi. Mama yake alikufa mwaka jana akiamini hivyo, Mungu amrehemu. Sasa kuna kijana mwalimu anayetaka kumwoa Klemansi. Mahari imetolewa, padri yuko tayari, naye mtoto anakataa kupanga siku. "Papa ndiye atanipeleka kanisani. Bila yeye, hapana." Kijana amengoja mpaka wazazi wake wameanza kumtafutia mwingine.

Na mtu wa kumjibu nilikuwa mimi. Mimi, Yaya! Mimi ambaye uliniita mpenda arusi.

Unakumbuka Jumapili zetu? Ule ukumbi, sali ya sinema ya Tshopo, madirisha yamefunikwa mablanketi mchana kweupe. Mwaka uliofuata uhuru waliweka amri, jua likizama mtu asionekane barabarani, na yule bwana wa mashine alikuwa anazima filme kabla ya sehemu ya mwisho. "Bon, kila mutu kwake!" Tunatoka tukinung'unika, tunafika kwa Mama Sofi, mwenye nyumba yetu, tunawasha mbabula ya makaa, na huku maharagwe yanachemka kila mmoja anamaliza filme kwa namna yake. Mama Sofi anatwanga pondu, majani ya mihogo, na kuhukumu. Aliyeshindwa anachota maji asubuhi. Wewe ndiwe uliyechota, karibu mwaka mzima, kwa sababu ulikuwa unaua watu wote.

"Lofemba, ule mwanamuke alikukosea nini?"

"Mama, si mimi. Ni filme."

"Na farasi je?"

"Farasi pia."

Kisha unanigeukia: "Huyu Radjabu, filme zake zote ni arusi. Siku moja ataozesha hata farasi!" Mimi nakasirika kweli. Nakuambia mtu aliyebeba magunia bandarini wiki nzima anastahili kulala na furaha. Wewe unatikisa kichwa. "Mwenye amekufa mumuache akufe, tumulilie, tukule." Na unakula, kweli, kuliko sisi wote.

Siku hizi huku Kabondo kuna nyumba za video. Filme inafika mpaka mwisho kabisa, hakuna anayeizima. Niliingia mara moja. Iliisha na arusi, watu wakapiga makofi. Nikatoka nikitafuta mtu wa kunitukana, hakuwepo. Nikaenda nyumbani nikapika maharagwe, sikuyala.

Donc, basi, Klemansi amekaa mbele yangu, na moyo unanivuta. Ningemwambia: mwanangu, funga ndoa kwanza, papa yako atakukuta kwako. Angeondoka anacheka. Mama Sofi, sasa hivi mzee wa fimbo, alikuwa ananikonyeza kutoka kizingitini nifanye hivyohivyo. Nikaomba ruhusa, nikatawadha, nikasali rakaa mbili. Nikarudi nikakaa.

Nilimwambia yote. Kwamba asubuhi ile askari walipoingia mjini kuwatoa waasi, ulisema huwezi kubaki ng'ambo hii wakati mke wako yuko Lubunga, ng'ambo ile, kwa shangazi yake. Kwamba wewe ulishika kafi ya mbele, mimi ya nyuma. Tulikuwa tumepita katikati ya mto, unanitania nipige kafi kama mwanamume, si kama mshona sketi, na risasi ikatoka, sijui ya nani, ukainama kama mtu anayetafuta kitu chini ya mtumbwi. Kwamba nilikufikisha. Nyumba ya shangazi ilikuwa tupu, nikakuzika nyuma yake. Padri hakuwepo. Nikakuombea kwa maneno niliyoyajua, ya dini yangu. Mungu alijua ninamwombea nani.

Nilifikiri nimemvunja mtoto wa watu. Halafu akauliza, polepole:

"Alikuwa anakuja kwetu?"

"Alikuwa anakuja kwenu."

"Hakutukimbia?"

Lo, Yaya. Kumbe ndilo lililokuwa linamla. Mimi nilidhani amebeba tumaini, naogopa kulivunja. "Tonton, miaka yote namungoja, na namukasirikia. Kama iko muzima, mbona hakuji?" Hapo akalia. Akalia mpaka Mama Sofi akatupa fimbo, akamkumbatia, akaanza kuimba wimbo wa kilio wa kwenu, na majirani wakaja bila kuitwa. Tumekufanyia kilio, ndugu yangu. Mikeka, moto, kahawa, watu wa bandari waliobaki. Tumechelewa, lakini tumekulilia vizuri, na chakula kilikuwa kingi.

Asubuhi yake nilimvusha Lubunga. Tulifyeka majani, akapiga magoti, akaongea nawe kwa Kilokele, lugha ya kwenu. Sikusikiliza, yalikuwa yenu.

Amepanga siku. Jumapili iliyopita walimtangaza kanisani, binti wa marehemu Lofemba, na alisimama wima. Ameniomba mimi nimshike mkono mpaka mbele. Nilikwenda kwa imamu na wasiwasi wangu. Hakuniacha nimalize: "Mupeleke mutoto." Gauni nashona mwenyewe, na kila pindo nalifumua mara mbili kwa sababu macho yananijaa maji.

Pumzika, Yaya. Nina hamu na wewe, hata na matusi yako. Jumamosi nitavaa kanzu nyeupe, nitaingia nyumba yenu ya sala na binti yako mkononi. Padri akiuliza nani anamtoa, nitasema: Lofemba, baba yake, aliyekufa njiani akija kwao. Nakuahidi sauti haitatetemeka. Hapana, itatetemeka. Lakini nitasema.

Mdogo wako,
Radjabu