Mzee Kipimo na Vidole Vyake Vinne

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike, na mwaka wote huo mto umepimwa na Mama. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kutujulia hali.

Kwa kazi ulikuwa fundi bomba. Kwa kujitolea ulikuwa macho ya Mamlaka ya Hifadhi ya Bonde, miaka ishirini na miwili. Kila asubuhi kabla ya chai ulivaa viatu vya mpira, ukateremka mpaka kwenye nguzo ya kupimia maji, ukasoma namba, ukapiga simu ofisini. Mvua, homa, siku ya harusi ya binti yako, ulikwenda tu. Mtaa ukakubandika jina la Mzee Kipimo, nawe ukaitika.

Nguzo yenyewe ilizama kidogo mwaka wa mafuriko, ikawa inaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Uliwaambia, wakasema watakuja kuirekebisha. Wakati ukiwasubiri, ukawa unabandika vidole vyako vinne kwenye nguzo, unatoa kiasi hicho, ndipo unaandika. Uliwasubiri miaka tisa.

Kwenye bodi ya Mamlaka walikupa kiti cha mwananchi, mwisho wa meza, karibu na mlango. Uliwaambia miche isipandwe kwenye kona ya mto, maana maji hupita pale. Wakakushukuru kwa mchango wako, wakapanda. Maji yakapita. Siku hiyo ulirudi umenuna, ukazibua masinki ya majirani watatu bila kuombwa na mtu. Hasira zako ndizo zilikuwa hizo.

Tulikuuliza kwa nini usiachane nao.

"Elimu wanayo wale," ulisema. "Miguu tu ndiyo hawana."

Ulipozidiwa ulimwita Mama, ukamnyooshea mkono, akakata kijiti sawasawa na upana wa vidole vinne. Ukamwambia, "Usiache hata siku moja, mpaka waje kujifunza."

Tukuambie ukweli, Baba, ulimtwisha mzigo. Magoti yake unayajua. Hujamaliza hata miezi miwili kaburini, barua ikaja: viti vya wananchi vimefutwa, bodi sasa ni ya wataalamu watupu. Asubuhi iliyofuata ofisi ikampigia simu, kama ilivyozoea tangu uondoke, "Mama, maji leo yamefika ngapi?" Akawapa namba. Tulimchachamalia, akasema yeye hakuiahidi bodi kitu, alikuahidi wewe. Mdogo wetu wa mwisho, anayeishi naye, aliomba kumpokea zamu. Akaambiwa hakutajwa.

Wiki iliyopita Mama aliteleza kwenye ngazi za udongo. Hakuvunjika, ila alikaa pale chini muda mrefu. Alirudi akasema, "Jamani, nimechoka." Hata kwenye msiba wako hatukumsikia akisema hivyo.

Juzi simu ilipolia, akajibu, "Leo sijashuka. Nendeni mkaangalie wenyewe." Akakata, akajifunika shuka, akalia. Aliona amekuangusha.

Saa tatu ikalia tena. Alikuwa mhandisi, yule yule aliyesaini barua, amesimama kwenye tope pale mtoni.

"Mama, nguzo inaonyesha maji yamepanda, na mvua haijanyesha wiki nzima. Nimekosea wapi?"

"Toa vidole vinne."

Mhandisi akauliza kwa adabu, "Vidole vya nani?"

Mama akavaa viatu vyako vya mpira, ingawa vinampwaya, akashuka taratibu huku mdogo wetu amemshika mkono. Akaweka kijiti kwenye nguzo, akamwonyesha mara ya kwanza, akamwonyesha mara ya pili. Mhandisi akaandika kila kitu kwenye daftari lake. Mama akamkabidhi kijiti, akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Basi wamekuja, Baba. Wamechelewa sana, lakini wamekuja kujifunza. Jana mhandisi alishuka mwenyewe, na leo pia ameshuka, viatu vimejaa tope. Simu haikulia. Jua limepanda mpaka dirishani na Mama bado amelala.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkweo, wajukuu zako, dada yako anayekuita bado kaka mkaidi, na mafundi wenzako wote wa mtaani.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Tunakuomba kitu kimoja tu: mwache Mama alale.