Mama na Vyango vya Skii

Mama yangu kipenzi,

Huku Toongabbie baridi ya Julai imeingia vilevile unavyoijua. Asubuhi nyasi za uani zina weupe, mchana jua linatoka na kutuhadaa, jioni mkweo Odeta anawasha hita nami nalalamika kwamba inanikausha koo. Alhamisi mjukuu wako Neema alinipigia simu akanipa habari, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta wa kumsimulia. Odeta nimeshamsimulia mara tatu. Umebaki wewe. Ila unanijua, siwezi kusema jambo bila kulizunguka, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo.

Nitaanzia Guildford, kwenye ile nyumba ya kupanga, jioni niliyorudi kutoka kiwandani Wetherill Park na boksi jembamba refu kwapani. Nilikuwa na miaka minne nikifungasha vyango vya ukutani vya kutundikia skii na zile mbao za theluji. Miaka minne, mama, na theluji yenyewe sijaiona ila kwenye picha ya boksi. Nilijua kazi tu: chuma kimekunjwa, kimepakwa rangi na kuchomwa kwenye tanuru, mikono yake imevishwa mpira ili skii zisichubuke, halafu unahesabu skrubu mbili na vile vidude viwili vya plastiki vya kuzishikia ukutani, unafunga. Siku hiyo chango kimoja kilitoka na rangi iliyochuruzika kama machozi ya mshumaa. Msimamizi akasema hakiuziki, nichukue.

Ulikitoa kwenye boksi, ukakigeuza mezani kama mtu anayekagua samaki, ukauliza ni cha nini. Nikakueleza kwamba huku kuna watu wanapanda mlima wenye theluji, wanafunga mbao miguuni, wanateremka mbio mpaka chini. Vyango hivi ni vya kutundikia mbao zao wakirudi nyumbani.

"Wakishafika chini?"

"Wanapanda tena, mama. Wanateremka tena."

Ukafikiri kidogo, kisha ukauliza kwa upole kabisa: "Nani anawafukuza?"

Odeta alicheka hadi akalazimika kuweka bakuli la maharage chini. Mimi pia nilicheka. Wewe hukucheka, na baadaye nikiwa naosha vyombo nikaona kwa nini. Ulikuwa umekimbia mara mbili katika maisha yako. Mara ya kwanza ulitoka kwetu Rumonge ukiwa na mimi mgongoni na nguo uliyovaa, basi. Mara ya pili ulikuwa umejifunza. Ulikuwa na begi.

Begi lile, mama. Lile la mistari ya buluu na nyekundu ambalo majirani zetu Watanzania kule kambini tulikokimbilia waliliita shangazi kaja. Lilisimama nyuma ya mlango wa chumba chako Guildford miaka yote tisa tuliyokaa pale. Ndani mlikuwa na vitenge viwili, blanketi, sufuria ndogo na mfuniko wake, tochi, na bahasha ya karatasi zetu. Kila baada ya miezi michache ulivitoa, ukavianika, ukavirudisha kwa mpangilio uleule. Odeta alikununulia kabati, ukashukuru, ukaweka ndani yake Biblia na viazi. Nilipokuambia kwamba nchi hii haina mtu atakayetuondoa, ulinijibu kwamba hata waliotufukuza kule hawakutuma barua kwanza.

Na kile chango cha rangi iliyochuruzika kilirudi kwenye boksi, kwa sababu nyumba ya kupanga haitobolewi. Ajenti wa mwenye nyumba alikuwa akija kila miezi mitatu na kamera yake, akipiga picha kuta. Kwa miaka tisa hatukupiga hata msumari wa kalenda. Picha ya harusi yetu ilikaa sakafuni ikiegemea ukuta, na wageni walidhani ndiyo kwanza tunahamia.

Kisha tukapata nyumba hii ya Toongabbie, yetu wenyewe, na katika mwaka uleule Neema akaenda na shule yake kuona theluji. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliondoka akinung'unika, akarudi na paja lenye chubuko la rangi ya zambarau na uso ambao sikuwa nimeuona tangu alipokuwa mtoto mdogo. Alizungumza juu ya ule mlima siku nne mfululizo. Akaenda kufanya kazi Jumamosi kwenye duka la kuku wa kuchoma, na baada ya miezi akaja nyumbani na ubao wa theluji wa mitumba, mrefu kukuzidi wewe, wenye picha ya joka. Akausimamisha ukumbini.

Ubao ule ulianguka mara tatu. Mara ya kwanza uliangukia viatu vya mchungaji aliyekuja kutusalimia. Mara ya pili uliangukia sufuria ya ugali. Mara ya tatu ulikuangukia wewe kwenye kidole gumba, na hapo ukatangaza kwamba kitu kisichokuwa na mahali pake kitaumiza watu mpaka kipewe mahali. Ukamwita Neema, ukaniita mimi, ukatuongoza kama askari hadi gereji yetu ya kuegeshea gari. "Leteni kile chango chenu," ukasema.

Nilikuwa nimeazima mashine ya kutobolea kazini. Nilipima, nikaweka alama mbili kwa penseli kwenye matofali, nikasoma ile karatasi ya maelekezo ambayo mikono yangu ilikuwa imeikunja maelfu ya mara bila kuisoma. Halafu nikasimama. Mkono ulikataa, mama. Nilikuwa na hati ya nyumba ndani, lakini mwilini bado nilikuwa mpangaji, nikasikia kama ajenti yule anakuja na kamera. Nikapima tena. Nikafuta alama, nikaziweka upya palepale.

Ukauliza kama nimeugua. Nikasema nahakikisha vipimo. Ukanitazama vile ulivyokuwa ukinitazama nilipokuwa na miaka saba nikisema sijaonja sukari, ukanyoosha mkono nikupe mashine. Ulikuwa na miaka sabini na mbili. Neema alikuvisha miwani yake ya theluji, ile kubwa inayofunika nusu ya uso, ili vumbi lisikuingie machoni. Mimi nilikushika mabega kwa nyuma. Ukabonyeza.

Kelele ile ilijaza gereji. Vumbi jekundu likatoka kwenye tofali likakuangukia kwenye kilemba, na wewe hukuachia mpaka chuma kilipofika mwisho. Ukaichomoa mashine, ukainama ukachungulia tundu, ukalipuliza. Hakuna aliyekuja. Jirani alikuwa anakata nyasi, ndege wakipiga kelele juu ya paa, basi.

"La pili," ukasema.

Chango kilikaa upande kidogo. Bado kiko upande hadi leo. Nilitaka kukirekebisha, ukasema ubao ukilala mwinamo hauendi popote, umeshikwa. Neema akaupandisha ubao wake wa joka juu ya mikono ile miwili, akakukumbatia na vumbi lako lote.

Siku ya tatu yake nilitoka kazini, nikafungua gereji niingize gari, nikaona vitu vimeongezeka. Chini ya ubao wa Neema, kwenye vile vidole vya kutundikia fimbo za skii, ulikuwa umetundika ungo wako, mwiko mkubwa wa sherehe, na mwavuli wa kanisani. Na kwenye kidole cha mwisho kabisa lilikuwa begi. Tupu. Limekunjwa mara mbili, mikanda yake ikining'inia.

Sikuingiza gari. Nilizima injini nikakaa palepale kwenye njia ya kuingilia, sijui kwa muda gani, mpaka Odeta akatoka kuuliza kama gari limeharibika.

Mezani ulikuwa ukimenya chungwa. Ukasema vile vitenge vilikuwa vimeanza kunuka uvundo, umevifua na kuviweka kabatini, na viazi vihamie jikoni. Nikauliza, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, habari za begi.

"Limechoka kusimama," ukasema. "Nimelitundika."

Ukanipa nusu ya chungwa, tukaendelea na mambo mengine.

Julai iliyofuata ukasema unataka kuuona huo mlima. Tulikuwa na safari ya mwendo wa karibu saa saba, na wewe uliimba pambio mpaka Goulburn, ukalala mpaka Cooma, ukaamka kondoo walipokuwa wengi kuliko watu. Ulivaa makoti mawili ya Odeta, na juu yake kitenge, maana ulisema hutaki watu wa huko wadhani huna nguo. Uliposhuka garini uliinama ukachota theluji kiganjani, ukailamba, ukasema haina ladha. Kisha ukasimama ukawatazama watu.

Nakumbuka ulivyosimama. Wazee, vijana, watoto wadogo kama vifaranga, wote wakiteremka, wengine wakianguka na kubiringika, wakiinuka na nyuso nyeupe. Ulitazama muda mrefu hata nikaogopa kwamba baridi imekuzidi. Halafu ukanivuta mkono wa koti.

"Wanakimbia huku wanacheka," ukaniambia. "Hakuna anayewafukuza, mwanangu. Wanakimbia tu."

Nikasema ndiyo, mama. Ukasema basi na wewe unataka.

Tulikukodia kile kigari cha plastiki cha kutelezea, Neema akakaa nyuma akakushika kiuno. Mimi nilibaki juu nikishika mikoba, nikiomba Mungu. Mlishuka. Nilikusikia ukipiga yowe njia nzima, na watu wote wakageuka, na mlipofika chini mkapinduka na kiatu chako kimoja kikaenda zake. Nilikimbia kuteremka, nikaanguka mara mbili, nikifikiri nyonga, mgongo, hospitali. Nikakukuta umelala chali, kilemba hakipo, unacheka bila sauti, machozi yanakutiririka. Ulisema kigari kivutwe juu tena. Ulishuka mara tano, mama. Mara ya tano ulimwambia Neema ashuke kwenye kigari, unataka kwenda peke yako.

Mwaka jana baada ya Pasaka ulipotuacha, msiba ulijaa hata magari yakaegeshwa mpaka karibu na stesheni. Wakongo walitaka kupika mihogo, Wakenya wakasema pilau, Warundi wakasema msiba ni wao. Mwishowe kila kundi lilipika lake, na kila mtu akala mara tatu. Ungefurahi. Mchungaji aliwasimulia watu habari za kile kigari, akasema alimwona mama yule akiogopa mambo mawili tu, Mungu na upepo wa baridi wa dirishani. Tulicheka kanisani, na jeneza likiwa mbele yetu, na hakuna aliyeona aibu.

Siwezi kukuficha kwamba kuna siku nyumba inakuwa kubwa. Narudi kazini, naita hodi kwa mazoea, halafu nakumbuka. Odeta ananiona nikisimama pale mlangoni, ananiita jikoni nikakate vitunguu. Haiponyi kitu, lakini vitunguu vinakatika.

Sasa ile habari ya Alhamisi.

Neema ana miaka ishirini na mmoja. Majira haya ya baridi amepata kazi kule mlimani, anawafundisha watu ambao hawajawahi kusimama juu ya theluji. Unajua tabia yake na lugha. Tangu alipoanza shule tulimwita kwa Kiswahili akatujibu kwa Kiingereza, na wewe ulimwambia maisha yako yote kwa Kiswahili, naye akakuuliza maswali kwa Kiingereza, mkaelewana kwa namna yenu. Mimi nilishakata tamaa. Nilijiambia lugha imefika kwake imeishia masikioni.

Basi Alhamisi, kwenye kundi lake la wanaoanza, ilikuja familia kutoka Wollongong, watu wa kwetu, baba, watoto wawili, na bibi yao. Watoto walielewa mafundisho. Bibi alisimama ameng'ang'ania uzio, hataki kuuachia, mwanawe anambembeleza, watu wanapita wanatazama. Neema anasema alimkaribia akafungua mdomo aseme maneno ya kazini, na maneno ya kazini hayakuja. Yalikuja mengine. Alimwambia: "Bibi, kunja magoti kidogo. Usitazame miguu. Nipe mkono, sikuachi."

Yule mzee aligeuka akamtazama binti huyu mwenye koti jekundu la walimu na nywele zimesukwa. Akamuuliza mtoto wa umri wake amepata wapi Kiswahili cha kizee namna hiyo.

"Kwa bibi yangu," Neema akasema. "Nililala naye chumba kimoja miaka tisa."

Mzee akauachia uzio.

Walishuka pamoja, polepole, wameshikana mikono yote miwili, Neema akirudi kinyumenyume mbele yake. Hawakuanguka. Na habari hii yote, mama, Neema alinisimulia kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, kama dakika ishirini. Alisema "kiatu yake," akasema "mlima ile," akachanganya kila kitu. Sikumsahihisha hata neno moja. Niliogopa akinisikia nikimsahihisha atanyamaza.

Lala salama, mama. Sisi tupo, na tunakaa.

Ni mimi, mwanao uliyembeba mgongoni