Kapu la Funguo

Jumatano, 19 Novemba 2008

Mabosi wetu wako Washington kuiomba serikali mkopo ili kampuni isife. Wamekwenda kwa ndege zao binafsi! Nani anakwenda kuomba unga huku amevaa dhahabu?

Kiwandani leo hakuna aliyefanya kazi kwa moyo. Mimi nafunga milango kwenye magari mapya — mlango wa kushoto, siku nzima mlango wa kushoto — na nimeiharibu nikairudia. Odell wa chama cha wafanyakazi anasema wanaotakiwa kuokolewa ni sisi, si wenye ndege. Sawa. Nani ataona tofauti?

Bogdan, mume wangu, kazima televisheni. Alipuliza rangi kiwanda hikihiki mpaka mapafu yakachoka. Sasa anaishi kwa mtungi wa oksijeni, na mtungi unalipwa na bima ya kampuni. Kampuni ikifa... Hatujalisema hilo kwa sauti. Naogopa.

Jumapili, 7 Desemba

Aibu!

Padri Zygmunt alitangaza wiki iliyopita: leteni funguo za magari yenu tuviombee viwanda. Leo kapu likapitishwa kama la sadaka. Kila mtu wa mji wetu wa Hamtramck alijua ni magari gani, yanayotengenezwa hapa, padri hakuhitaji kufafanua. Bogdan alitia ufunguo wetu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha Renata, binti yetu, muuguzi, aliyekuja kutusalimu, akatia wake. Renata anaendesha gari la Kijapani!

Baada ya misa padri akainua ufunguo mmoja mmoja, wenyewe wakienda kuchukua. Akauinua wa Renata. Mzee Wojtek, jirani yetu, akauliza kama huo haukupotea njia. Renata akaenda kuuchukua, kichwa juu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani pierogi nilizojaza viazi zikapoa mezani. Renata alisema hakufanya dhihaka, alitaka kumwombea baba yake kama wengine. Angeishia hapo! Lakini mtoto huyu hajui kunyamaza. Akaongeza kwamba serikali ikitoa pesa hivihivi, kampuni itarudi kuomba tena, maana watu hawayataki magari tunayotengeneza.

Bogdan akaweka uma chini. "Hayo yasiyotakiwa ndiyo yaliyokusomesha."

"Najua, Baba. Ndiyo maana inaniuma."

Bogdan akaapa kwamba gari la Renata halitambeba, labda akiwa maiti. Mimi nilikaa katikati nimeshika bakuli la vitunguu. Huyu ana haki, yule ana haki.

Jumatano, 10 Desemba

Bunge la chini limepitisha mkopo! Imebaki Seneti. Odell alikumbatia watu kwenye laini ya kuunganisha magari, hata wasiompenda. Bogdan kala vizuri, kaomba kuongezwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Theluji. Maseneta bado wanabishana. Mmoja wa kusini, ambako Wajapani wamejenga viwanda vyao, anasema tunalipwa mno. Aje afunge milango wiki moja! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Bogdan anakohoa sana. Anasema ni baridi tu.

Ijumaa, 12 Desemba

Naandika nikiwa hospitali, kwenye viti vya kusubiria.

Seneti imekataa. Tulisikia asubuhi, kahawa bado mkononi. Odell akapiga simu: laini yetu inafungwa leo, siku ya kurudi haijulikani. Bogdan alisikiliza, akainuka aende dirishani, pumzi ikamkatika, mtungi haukusaidia. Midomo ikawa rangi ya majivu.

Nikakimbilia gari letu. Mlango wa kushoto nimeufunga mimi mwenyewe, najivunia mlango ule! Halikuwaka. Nikalibembeleza, nikalitukana. Kimya. Betri imekufa kwa baridi. Nikapiga simu ya dharura, wakasema magari yote ya wagonjwa yako barabarani na barafu ni mbaya, tusubiri. Kusubiri nini?

Renata alikuwa akilala kwa rafiki yake, mtaa wa pili, tangu ile Jumapili. Nikampigia, akafika mbio na gari lake. Gari lile nilipe haki yake: liliwaka, likaja.

Bogdan kwenye ngazi za mlango wa mbele, anashika ukuta. Haingii garini. Ng'ambo ya barabara mzee Wojtek anakwangua theluji, kasimama kutazama.

"Lizungushe nyuma," Bogdan akasema.

"Baba, kule theluji haijakwanguliwa!"

"Nyuma."

Nani abishane na mtu asiye na pumzi? Renata akalizungusha, kisha tukamshika huku na huku, tukampitisha jikoni hadi garini. Gari likakwama kichochoroni, kama Renata alivyosema. Nikasukuma. Nililia na kusukuma. Kisha nikaona mikono mingine karibu na yangu, ya mzee Wojtek. Hakumtazama Bogdan. Gari likatoka.

Wamempokea. Renata yuko naye ndani.

Karani kaniuliza kama mwajiri wetu ni yuleyule. Nikasema ndiyo. Akaandika bima, akasema leo inakubali. Nikamuuliza, na mwezi ujao? Akainua macho kwenye televisheni iliyo nyuma yangu, akayashusha. "Sijui, mama," akasema taratibu.

Renata katoka. Anasema baba yake kavua barakoa ya oksijeni ili aulize jambo moja tu: gari liko wapi. Kamwambia liko mbele ya mlango mkubwa. Sasa anavaa koti, anakwenda kulihamisha, maana baba yake kakataa kuirudisha barakoa mpaka gari liondolewe mbele ya watu.