Chuo Ulichonithibitishia

Baba, shikamoo.

Chai iko kwenye chupa, viazi viko kwenye sufuria. Ng'ombe nimemkatia majani ya mchana, ya jioni umkatie wewe.

Asubuhi nimechukua simu yako ili nithibitishe chuo kimoja kati ya viwili vilivyonichagua, nikakuta umeshathibitisha jana bila kuniambia. Umechagua kile cha Dar chenye jina. Niliweka namba yako kwenye maombi kwa sababu nilikuamini.

Wiki nzima nilikueleza kwamba pale wanabana alama. Dada Esteria alisoma sheria palepale, akatoka na GPA ya mbili nukta tatu. Kila alikoomba kazi waliangalia hiyo, jina la chuo halikumsaidia. Leo anauza mapeasi Mombo, na picha yake ya joho bado umeitundika sebuleni.

Najua ulikuwa na haraka gani. Umeshampa mzee wa kanisa jina langu na la chuo ayatangaze Jumapili.

Nimeshuka Mombo kwa dada. ~~Nitarudi kesho.~~ Usinisubiri. Dawa yako ya presha iko juu ya redio, umeze ukishakula.

Jumapili wakisoma jina langu, usimame wewe.

Mwanao,
Beatha