Bahasha Niliyoibandika kwa Unga

S.L.P. 31,
Carver Fork,
Virginia Magharibi.

Jumamosi, 12 Mei 1979

Mpendwa binti yangu Nadine,

Salamu kwanza, mwanangu, kwa sababu yatakayofuata si mepesi. U hali gani? Unakula? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha? Nilikufungia chupa ya asali kwenye soksi za kijivu. Kama hukuiona, angalia ndani ya soksi.

Sisi huku tupo. Baba yako amerudi kutoka hospitali tangu Jumanne. Analalia mito mitatu, na mtungi wa hewa umekaa kando ya kitanda. Anakusalimu na anasema mtungi una adabu kuliko mbwa wetu, maana haurukii wageni. Bibi yako Zella anakusalimu. Goti lake limeuma siku tatu na mvua imenyesha siku tatu, kwa hiyo anatembea kifua mbele kama mtabiri. Ameniambia niandike hivihivi: "Mwambie asije akatuletea mume ambaye hajawahi kushika koleo." Kaka yako Curtis anakusalimu, bado yuko kiwanda cha mbao na bado ana vidole kumi, Mungu ashukuriwe. Mkewe Trula anakusalimu, tumbo limemzidi sasa, hata viatu anafungwa na Curtis. Anasema, "Mwambie wifi yangu, nikizaa msichana nampeleka hukohuko akafundishwe kunywa chai saa kumi na wenye lulu shingoni." Kanisani wote wanakuulizia. Viazi tulivyopanda Ijumaa Kuu vimechipua, ila sungura wamefika kabla yetu.

Na mimi ni mzima wa mwili.

Nadine, barua yako niliipata juzi Alhamisi. Opal wa posta alinipa nikaisoma palepale nimesimama, na watu nyuma yangu wanasubiri stempu. Opal akaniuliza, "Verlie, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, ni macho tu. Niliisoma tena njiani, na tena jikoni. Umeandika kwamba mwalimu wako wa historia, Bi Whitcomb, ameona bahasha ya mtihani wako ilifunguliwa na kubandikwa upya. Umeandika kwamba Alhamisi ijayo utaitwa mbele ya Baraza la Heshima, lile la wanafunzi wenyewe la kuhukumu udanganyifu, na kwamba wakikukuta na hatia utafunga sanduku lako siku hiyohiyo. Mwishoni umeandika, "Mama, niombeeni." Hukuuliza kitu. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Ni mimi, mwanangu. Bahasha niliifungua mimi.

Nakuandikia yote kama yalivyokuwa, nisiruke hata moja, ili uwape hao wasichana wa Baraza waisome barua hii nzima, hata mahali panaponiaibisha.

Ulipokuja ile Ijumaa ya mwisho wa Aprili kumwona baba yako, ulikuwa umenyamaza. Wewe ambaye tangu mwaka wa kwanza hurudi na hadithi mpaka mboga zinaungua. Mara mko wasichana tisa kwenye meza moja na mwalimu anawauliza ninyi mnaonaje, kama vile hajui yeye. Mara hakuna mlango unaofungwa kwa ufunguo, na mtu anaacha mkoba wake kwenye majani asubuhi akaukuta jioni. Mara ule usiku wenu wa taa, kila msichana mgeni anapokabidhiwa taa na dada yake mkubwa wa chuo, na Constance aliyekupa yako akalia kuliko wewe. Tulizizoea hizo habari. Baba yako huzirudia kwa wenzake waliotoka mgodini kana kwamba ni yeye anayesoma huko.

Safari hii ulikula maharage yako, ukaosha sahani, ukasema una mtihani wa kufanya Jumapili baada ya kanisa, ukaenda kulala. Mimi nikaona mtoto ana jambo anatuficha kwa sababu ya ugonjwa wa baba yake.

Jumamosi asubuhi mlienda hospitali na Bibi na Curtis, mimi nikabaki na mikate. Nilipoingia kutandika kitanda chako nikaiona juu ya kasha. Bahasha kubwa yenye mhuri wa chuo, jina lako, na maneno ya wino mwekundu. Nisiseme sikuyasoma. Niliyasoma polepole, na yalisema isifunguliwe na mtu yeyote ila wewe. Lakini unakumbuka barua ya kampuni iliyomwachisha baba yako kazi? Nayo ilikuwa na wino mwekundu. Nikasema moyoni, wamemfukuza mtoto wangu. Amefeli, na amekaa na hii barua peke yake, anatutazama sisi tukila.

Ulikuwa umesema una mtihani, ndiyo. Lakini mimi mtihani ninaoujua ni wa darasa la sita, mwalimu amesimama nyuma yako na fimbo, na ukigeuza shingo unachapwa. Hata ungeniapia nisingeamini kwamba yupo mwalimu wa kumpa mwanafunzi maswali yenyewe ayatie mkobani, asafiri nayo saa sita kwenye basi, alale nayo chumba kimoja, asiyafungue. Nilidhani mtihani unatoka kichwani mwa mwalimu.

Basi nikaweka birika jikoni, nikaushika mkunjo wa bahasha kwenye mvuke mpaka ukaachia.

Yalikuwa maswali manne. Nilisoma la kwanza nikaona ni habari za wafumaji wa zamani waliovunja mashine. Hayo mengine sikuyafuata. Hakuna mtu aliyekufukuza. Kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikaona nilichoshika. Mkunjo ulikuwa umekunjamana na gundi yake imekufa. Nikafanya kama mama yangu alivyotufundisha kubandika magazeti ukutani kuzuia upepo: unga kijiko kimoja, maji, koroga. Niliubandika, nikauwekea pasi ya baridi juu, nikairudisha kwenye kasha ikiwa imeelekea vilevile ulivyoiacha.

Hili wasikie vizuri wasichana wa Baraza. Sikukuambia neno hata moja la yale maswali. Jumamosi ile kwenye chakula ulimi uliniwasha nikusimulie habari za babu yako na mgomo wa wachimbaji, kwa sababu wale wafumaji walinikumbusha. Nikajaza mdomo mkate.

Jumapili ulikaa mezani, ukaweka saa mbele yako, ukaandika saa ya kuanza. Mimi nilikuwa nimewafukuza kuku mpaka ng'ambo ya kijito ili wasikupigie kelele. Ulipopitisha kidole kwenye mkunjo ukasimama kidogo, ukanitazama. Mimi nikageukia jiko. Nafikiri ulihisi unga, Nadine. Umekulia jikoni mwangu, hakuna anayejua unga wangu uliokauka kuliko wewe. Nafikiri ulijiambia, mama yangu asingefanya hivyo. Ukafungua, ukaandika saa tatu nzima, ukaweka sahihi yako juu kwamba bahasha ilikuwa imefungwa na kwamba hukutoa wala kupokea msaada.

Ningesema siku ile, yangekwisha siku ile. Ungempigia Bi Whitcomb, angekupa maswali mengine. Sasa hivi ninajua. Wakati ule nilikuwa naangalia viazi.

Kubwa kuliko yote ni la simu. Jumapili iliyopita ulipopiga kwa Curtis nikaitwa, sebule ilikuwa imejaa, Trula na mama yake na mchungaji na mkewe wamekuja kula. Ukaniuliza, "Mama, kuna mtu hapo nyumbani aliyeigusa ile bahasha? Niambie tu, sitakasirika." Na wote wale wamenyamaza wananisikiliza. Nikakujibu, "Nani wa kuigusa? Hakuna mtu." Niliona haya. Niliona haya wanisikie kwamba nilidhani mtoto wangu amefukuzwa, mimi niliyewaringia miaka mitatu. Ukasema, "Basi, Mama. Asante." Ulinishukuru, na asante hiyo haijanitoka masikioni.

Kumbe, naona kwenye barua yako, kutoka kwenye simu ulienda kuwaambia, kwa heshima yako, kwamba nyumbani hakuna aliyeigusa. Uwongo wangu umeusema wewe kwa mdomo wako, na huko kwenu mtu akisema kitu kwa heshima yake hakuna anayemuuliza mara ya pili. Na mkubwa wa Baraza mwaka huu ni Constance yuleyule wa taa. Sijui anakutazamaje. Sijui unakaa wapi wakati wa chakula.

Jana nilimwambia baba yako. Nilidhani atanikemea. Mwanzo alitania, kama unavyomjua: "Kumbe miaka ishirini na sita nalala na mwizi wa posta." Nikamwambia Hobert, sicheki. Akanitazama, akaitoa ile mipira ya hewa puani.

Akaniuliza, "Unamkumbuka Estel Blevins, mkaguzi wetu?"

Nikasema namkumbuka.

"Kila alfajiri aliingia chini peke yake na taa yake kabla yetu, anapima hewa. Akishapima anaandika jina lake na tarehe kwa chaki kwenye ukuta wa makaa. Sisi tukifika tunaangalia chaki tu. Hatumuulizi Estel ulipima kweli, hatumuulizi ulilala vizuri. Tunaingia."

"Najua, Hobert."

"Hujui. Ungejua usingeandika chaki mahali ambapo hukupima. Na mtoto ndiye aliyeingia chini."

Hakusema kwa ukali. Alirudisha mipira yake puani akageukia dirisha. Ningependa angepiga kelele.

Nimefikiri sana, mwanangu. Mimi niliishia darasa la sita, na siku zote nilidhani ulichoenda kutafuta huko ni maneno makubwa na lile joho la mwisho. Sasa naona kitu kikubwa kuliko vyote wanachowapa ninyi ni kwamba wanawaamini. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukosa kukuamini. Bi Whitcomb hajakubeba tumboni, na alikupa bahasha ukaondoka nayo. Mimi niliyekubeba sikuweza kuiona juu ya kasha nusu saa bila kuweka birika jikoni.

Kwa hiyo usininyamazie. Kama ulishajua kwamba ni mimi na ukaamua kufunga mdomo ili kunisitiri, acha. Najua sheria yenu, uliniandikia mwenyewe: anayejua akanyamaza ana hatia sawa na aliyetenda. Sistahili kusitiriwa kwa gharama hiyo. Mpe Constance barua hii mkononi kabla ya Alhamisi. Mwambie, "Mama yangu ana mwandiko mbaya lakini anasema kweli." Kama wanataka niseme mbele yao, nitakuja. Curtis ameshasema atanileta kwa gari la kiwanda, na gauni langu la bluu liko tayari. Wala usione haya nikija na mikono yangu hii, waione.

Na kama wataniamini mimi lakini bado wakasema sheria ni sheria, njoo nyumbani. Kitanda chako kimetandikwa. Sitasema ni mapenzi ya Mungu, nitasema ni mama yako, kwa kila atakayeniuliza, hata kwa mchungaji, hata kwa Opal kwenye foleni ya stempu.

Msalimie Bi Whitcomb, na umwambie naomba radhi kwa kuichezea karatasi yake. Msalimie Constance. Mwenzako wa chumba, yule wa Richmond, mwambie siagi ya tufaha aliyoipenda nimemwekea chupa mbili. Baba yako amesema nikuandikie kwamba yeye hana swali. Bibi Zella hajaambiwa, ila tangu jana ananitazama sana. Mungu akushike mkono ukiingia mlango ule, na Mungu awalainishe walio upande wa pili wa meza.

Mimi niliyekukosea, na ninayekupenda hata katika kukukosea,
Mama yako,
Verlie Ratliff

Kama mnavyofanya ninyi: Nimeanza kuandika saa mbili na robo asubuhi. Nimemaliza saa nne na dakika arobaini. Msaada nimepokea mmoja, baba yako amenikumbusha mwaka ulipoanza chuo. Bahasha hii nimeifunga kwa gundi ya Opal. Ukiikuta na unga, jua si mimi.

Curtis yuko mlangoni na ufunguo wa gari, posta wanafunga saa sita. Alhamisi nitakuwa kwa Trula karibu na simu tangu saa nane, na safari hii nitawatoa wote nje. Piga wakikwisha kuamua, hata kama ni baya. Usiandike, barua itachelewa. Piga siku hiyohiyo.