Mwendo wa Komanda

Jumatatu, 4 Machi 2002

Repetisyo ya mchezo saa nne, mazoezi ya kawaida, ukumbi wa parokia. Waigizaji watatu hawakuja. Mmoja malaria, wawili wamekwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo, hapa karibu, kwa sababu bariera ya mwisho, kizuizi cha wanajeshi, haipitiki. Wanajeshi wametufungia kwa ndani, watu wa porini wametufungia kwa nje. Treni haijaingia Kindu tangu sijui lini. Mama yangu yuko Kibombo na sina habari yake.

Piesi yetu, mchezo wa mganga wa meno, bado inayumba. Kurasa mbili nzima hazichekeshi. Shabani, mwigizaji wangu bora, alifika mwisho, akasoma sentensi yangu moja mbovu akiwa amegeuza shingo, watu wakaanguka chini kwa kucheka. Mimi natoa jasho na kalamu, yeye anageuza shingo tu. Namwonea wivu. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu.

Muke wangu Mwamini hakuamka kupika. Tumbo tena.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari amesema. Uvimbe. Lazima akatwe, na hapa lopitali haina hata dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Ni Goma tu. Amebakiza wiki chache, alisema, akaangalia dirishani.

Goma ni ndege. Ndege ni Komanda, mkubwa wa wanajeshi hawa. Bila karatasi yenye sahihi yake hata uwanja wa ndege hukanyagi. Nilikaa kwenye ngazi za lopitali hadi jua likanifukuza. Muke wangu atakufa ndani ya muji huu kwa sababu ya sahihi ya mtu mmoja. Naogopa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetoka kwa Komanda. Alinipokea vizuri, njo hicho kilichonitisha. Anapenda michezo yangu. Kila Jumapili anakaa kiti cha mbele na kucheka mpaka anajipangusa machozi. Lakini si mtu wa huku, hajui mila zetu.

Alisema: “Mwalimu, unachekesha juu ya kila mtu, mimi peke yangu umeniruka. Niweke ndani. Nataka nijione natembea.”

Ana mguu wa kushoto unaoburuta, kifua mbele, fimbo kwapani. Anajua kwamba watu wanautazama mwendo ule. Karatasi ilikuwa mezani, jina la Mwamini limeshaandikwa. Bado sahihi tu. Jumapili, tarehe kumi na saba, nimchekeshe, Jumatatu atatia sahihi.

Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

Jumapili, 10 Machi

Kwetu, katika mchezo tunaiga mganga, mkwe, karani, mtu asiye na jina. Mtu mwenye jina lake anaigwa siku moja tu, siku ya matanga yake. Wajukuu wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanakohoa kama yeye, na wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Kumfanyia hivyo mtu aliye hai ni kumzika huku anapumua. Hata mtoto wa Kindu anajua.

Shabani alijifunza kazi pale pale, kwenye matanga. Sasa anaitwa hata kwa misiba ambako yeye si mjukuu.

Najua haya yote. Nimeandika hata hivyo. Mguu, kifua, fimbo. Kurasa tatu. Zinachekesha, shetani mimi.

Jumanne, 12 Machi

Shabani amekataa. “Mwalimu, mimi naigaka wafu. Huyu iko muzima bado.”

Nilitaka kuchukua sehemu ile mimi mwenyewe. Hapana, nadanganya. Sikutaka. Nilimweleza habari ya Mwamini, nikamweleza karatasi. Kisha akasema, “Kwa shemeji, nitafanya,” na akaniomba tusifanye repetisyo ya sehemu ile mbele ya wengine.

Sikumshukuru.

Jumapili, 17 Machi

Saa tisa ukumbi ulijaa. Sehemu mbili za kwanza watu walicheka vizuri. Kisha Shabani akaingia na fimbo kwapani, anaburuta mguu.

Komanda alicheka. Alipiga mapaja, alimpiga bega aliyekaa karibu naye. Alicheka peke yake. Nyuma yake watu mia na zaidi, kimya. Mama mmoja alijishika kichwa kwa mikono miwili, vile wanavyojishika msibani. Mwingine akaanza kulia kwa sauti ya chini. Zaina, muke wa Shabani, alisimama akatoka nje.

Shabani aliona. Hakusimama. Alimaliza kurasa tatu zote, kila neno.

Komanda akageuka kuangalia watu. Mlinzi wake mmoja ni mtu wa Tunda, mtu wa huku huku, anajua mila. Alimwinamia sikioni, akasema maneno machache. Mgongo wa Komanda ukanyooka. Aliondoka kabla ya mwisho, na watu wote waliangalia sakafu ili wasimwone anavyotembea.

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi wanajeshi walimchukua Shabani. Saa sita walinijia mimi.

Komanda hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: nani ametia mwendo wake ndani ya mchezo? Nani ameutangazia muji kifo chake? Karatasi ya Mwamini ilikuwa mezani, pale pale.

Yeye mwenyewe aliomba. Nilitaka kumkumbusha. Niliangalia ile karatasi.

Nilisema Shabani ameongeza mwenyewe. Nilisema mimi sikuandika.

Daftari la mchezo nilikuwa nimelichoma alfajiri, kabla hawajaja. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuamua, hata kama najidanganya kwamba niliamua pale mezani.

Komanda akavuta karatasi ya Mwamini atie sahihi, kalamu yake ikakataa kuandika. Nikampa yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Mwamini ameondoka. Alinipungia mkono mlangoni mwa ndege kama mtu anayekwenda arusi.

Jioni Zaina aliniletea bakuli la sombe na wali, kwa kuwa sasa niko peke yangu nyumbani. Aliuliza kama nimesikia Shabani anashikwa kasho gani, jela ipi. Nilisema sijui. Kweli sijui. Alipoondoka nilikula yote.

Jumatano, 3 Aprili

Shabani hayuko tena kasho. Hawasemi yuko wapi. Kila siku Zaina anapeleka chakula, kila siku anarudi nacho. Leo nilimwona anapita na sahani imefunikwa. Nikajificha nyuma ya mlango wangu mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi 2024

Tumemaliza kupiga video mpya, ya mkwe anayeogopa kuku. Sokoni vijana wananitupia maneno ya wahusika wangu, nacheka nao. Nimeandika redio, nimeandika jukwaa, sasa sinema za simu. Miaka sabini na moja. Wananiita Babu Mwalimu.

Waigizaji wananiuliza kwa nini wahusika wangu wote wanakaa kwenye viti. Nawajibu ni mtindo. Tangu mwaka ule sijaandika mtu anayetembea.

Kinshasa wamepiga simu. Wanataka sinema juu ya vichekesho vya Kindu wakati wa vita. Nimekubali. Nimekaa siku tatu, hakuna hata mstari.

Alhamisi, 7 Machi

Riziki alikuja saa tatu. Mjukuu wa Shabani, umri wake miaka ishirini, anasoma ualimu. Ana habari: Zaina amekubali matanga. Miaka yote hii alikataa, alisema bila maiti hakuna matanga. Sasa amechoka kungoja. Jumapili.

Riziki njo mjukuu mukubwa. Atavaa koti la babu yake na kutembea kama yeye. Lakini alizaliwa baadaye, hakumwona. Picha iliyopo ni moja, ya pasi, na picha haitembei.

“Babu Mwalimu, wanasema wewe njo ulikuwa naye kila siku. Alikuwa anatembea namna gani?”

Nikamwambia kesho nitakuja kwao.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa Zaina. Alikuwa uani, anachagua mchele kwenye ungo. Riziki alikuwa sokoni bado. Nikasema kabla sijakaa, maana ningekaa nisingesema.

Nilisema yote. Kwamba niliandika mimi. Kwamba Shabani alikataa, nikamsukuma. Kwamba nilimtaja. Mikono yake iliendelea kuchagua mchele. Nilipofika kwenye kalamu, mikono ikasimama.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Riziki akaingia na mboga kichwani. Zaina akasema, “Muonyeshe mutoto kwanza. Kisha utoke.”

Nikatembea. Bega la kulia juu, hatua tatu za haraka, kusimama kama mtu aliyesahau kitu, kujipapasa mfukoni, kuendelea. Magoti yanauma. Riziki alinifuata nyuma. Mara ya kwanza alikuwa Riziki. Mara ya tatu alikuwa Shabani, nikalazimika kuangalia ukuta.

Zaina alikuwa amejifunika mdomo na kitenge. Sikujua ni kicheko au kilio. Nikatoka. Hakuna aliyenisindikiza.

Jumapili, 10 Machi

Mwamini aliuliza kwa nini sijavaa kwenda matanga. Nikamwambia na yeye. Miaka ishirini na miwili ameishi kwa karatasi ile bila kujua ilivyopatikana. Alikaa kitandani, akaweka mkono tumboni, pale walipomkata. Baadaye alijifunga kitenge, akachukua sufuria yake kubwa, akaenda kwa Zaina. Hakusema atarudi saa ngapi.

Chakula kiko, sikuli.

Saa kumi nilisikia kicheko kutoka kule, barabara ya pili. Kicheko cha watu wengi, wakubwa kwa watoto. Kisha kilio. Kisha kicheko tena, kirefu kuliko cha kwanza. Riziki ameweza.

Nikafunga dirisha. Kisha nikalifungua.